Salamu za Alhamisi

Fabrice alifariki saa mbili asubuhi, siku ya Jumatano, na kabla ya saa tano sebule yake huko Evere, mjini Brussels, ilikuwa imejaa. Makochi yalisukumwa ukutani, televisheni ikafunikwa kitambaa, na akina mama wa maombi wakakaa chini kwenye mikeka, vilemba vimefungwa haraka haraka. Mimi nilikuwa jikoni. Kwenye msiba wowote utanikuta jikoni. Nimetunza wazee wa watu kwa miaka ishirini na kitu na mikono yangu haijui kukaa bure. Nilikuwa nakata vitunguu niliposikia sauti ya Papa Kitenge, mzee wa kikundi chetu cha maombi. Siku hizi anatembea kwa fimbo, lakini sauti yake haijazeeka hata kidogo. "Bon," alisema, "kuko maneno ya mutoto wake, Naomi. Eko ku Canada, na vendredi eko na examen. Tumuache kwanza. Akisha kumaliza examen, tutatafuta batu ya kwenda kukaa naye, njo tutamuambia." Watu wakaitikia, "Njo vile, papa," na hakuna aliyepinga kungoja mtihani wa Ijumaa upite. Niliweka kisu chini. Papa Kitenge si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke tangu mwanzo. Ni mwema kuliko wengi tuliosali nao. Ila maneno hayo nilishawahi kuyasikia, kwa sauti hiyo hiyo, nikiwa jikoni vile vile, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Na mara ile, aliyetumwa kuyatekeleza nilikuwa mimi.

Nani alimzaa nani, na nani alifika Ulaya kwa njia gani, hayo nayaacha. Watu wetu wakianzia hapo hawafiki mwisho. Itoshe kusema kwamba mwaka ule mimi na Fabrice tuliishi kwa Maman Odile, mtaa wa Saint-Gilles, ghorofa ya tatu, katika nyumba ya zamani iliyokuwa ya tajiri mmoja kabla ya kukatwakatwa kuwa vyumba vya watu kama sisi. Katikati ya dari ya sebule kulikuwa na ua kubwa la plasta, na mwenye nyumba alipotaka vyumba viwili alipitisha ukuta wa mbao chini yake, basi nusu ya ua ilikuwa kwetu wanawake na nusu kwa Fabrice. Yeye alikuwa na miaka ishirini. Hatukuwa ndugu wa damu. Mama yake na Maman Odile walisali kanisa moja Lubumbashi. Lakini aliniita yaya Béa, dada mkubwa, tangu siku ya kwanza, na mimi niliyekuwa kitinda mimba kwetu, ambaye maisha yangu yote nilikuwa nikiwaita wengine yaya, niliipenda heshima hiyo kuliko nilivyokubali kuonyesha.

Fabrice alikuwa kipa wa hoki ya barafu. Najua, hata sisi tulicheka. Alianza kwa bahati tu, safari ya shule kwenda uwanja wa barafu, wenzake wakagawana vifaa vyote vikabaki vya kipa ambavyo hakuna aliyevitaka, akavaa, na tangu siku hiyo hakuvivua. Kanisani walimtania bila huruma. "Fabrice, kazi yako ni kulinda congélateur," walimwambia, kana kwamba uwanja ni friji kubwa, naye anacheka. Asubuhi alishusha mizigo sokoni, jioni akaenda mazoezini, na akirudi alileta harufu ambayo mpaka leo nikifumba macho inanijia: jasho, ngozi iliyolowa, na kitu kama chuma. Zile pedi zake kubwa za miguuni hazikuingia kabatini, kwa hiyo zililala juu ya hita ya sebuleni zikikauka, na Maman Odile alifungua dirisha hata katikati ya Januari. "Bintu byako binanuka sawa mbuzi!" alimpigia kelele. "Maman, ni harufu ya contrat," Fabrice, aliyekuwa akiota mkataba wa kulipwa, alimjibu akiwa ameketi sakafuni miguu kaipanua huku na huku kama mkasi uliofunguliwa wote, kwa kuwa makipa hunyoosha nyonga zao kila wakati, sahani ya bukari, ugali wetu, iko katikati, anakula.

Siku tuliyoipenda ni Alhamisi. Nilikuwa nasafisha ofisi karibu na stesheni ya Gare du Midi, na nikitoka kazini nilipita dukani kununua kadi ya simu, ile ya kukwangua. Maman Odile alisonga bukari, akapika sombe ya majani ya muhogo na samaki, na baada ya kula Fabrice alikwangua kadi kwa mpini wa uma, akapiga Lubumbashi, akaweka sauti tusikie wote. Mama yake, Maman Jeanne, hakuelewa kazi ya mwanawe hata kidogo. Barafu aliyoijua ilikuwa ya kwenye friji. Alichoshika ni kwamba mtoto wake anasimama mbele ya kitu fulani na watu wanataka kuingia. Basi kila Alhamisi alimaliza kwa maneno yale yale: "Funga mulango, Fabrice. Usiache batu baingie." Naye Fabrice alijibu, "Nimefunga, maman." Tulizoea kumwigiza. Maman Odile akitoka bafuni akaacha mlango wazi, Fabrice alisema kwa sauti ya mama yake, funga mulango, na tulicheka mpaka Mreno wa ghorofa ya chini akagonga dari yake kwa ufagio.

Mwezi wa tatu kocha wake alimwita pembeni. Wanaume wawili kutoka klabu moja ya Ujerumani wangekuja kutazama mechi ya mwisho ya msimu, Jumapili mchana. Walikuwa wanatafuta kipa. Wakimpenda, wangempa mkataba wa kweli, kazi moja tu ya kulipwa, na karatasi zake za ukaazi zingenyooka. Wakati ule karatasi hizo zilikuwa zinafanyiwa upya na alikuwa na kipande tu cha kungojea. Akitoka nje ya nchi, hakuna aliyeweza kumhakikishia kwamba angerudi. Kwa hiyo Jumapili ile ilibeba kila kitu. Wiki mbili nzima alilala saa mbili usiku, alikataa soda, na akaanza kugonga fremu ya mlango wa jikoni kwa ngumi, kushoto kisha kulia, kila alipopita. Alinieleza sababu. "Yaya, kipa haangaliake nyuma. Ukigeuka, umekwisha. Njo tunagonga poteau, kushoto, kulia, ujue goli iko wapi."

Jumanne ya wiki hiyo, saa nne asubuhi, simu ililia. Nilikuwa naosha sufuria. Maman Odile alipokea, akasikiliza, akakaa juu ya kiti bila kukivuta, nusu ya mwili ikabaki hewani. Maman Jeanne alikuwa ameanguka akitoka kisimani na hakuamka tena. Fabrice alikuwa sokoni na magunia yake. Nusu saa haikupita Papa Kitenge alifika, wakati huo bado mwanamume mwenye nywele nyeusi na koti zuri, na wakaongea mlangoni pa jikoni wakidhani maji yangu ya bomba yanafunika sauti zao. "Mazishi ni samedi," alisema Maman Odile, siku moja kabla ya mechi. "Hawezi kwenda. Karatasi haiko." Papa Kitenge akasema, "Donc, tukimuambia leo, atafanya nini? Atalia. Dimanche atasimama pale na macho ya kulia, na bale Wazungu batarudia kwabo. Atapoteza mama, atapoteza na kazi. Tumuache kwanza. Akisha kucheza, tunamungojea hapa nyumbani, batu yote, anakula, njo tunamuambia." Sikiliza, sisi hatumwambii mtu kifo kwa simu, wala njiani, wala akiwa peke yake na njaa. Tunamzunguka kwanza. Tunakuwa ukuta, ili akianguka apate pa kuegemea. Hiyo ndiyo desturi yetu, na mimi mwenyewe imewahi kunishika nisivunjike. Maman Odile alifuta macho akanigeukia. "Na jeudi? Atataka kupiga simu." Wote wawili wakanitazama. Nilisema, "Nitajua cha kufanya." Aibu inanipata kuandika hivi, lakini nilijisikia mtu mzima. Wakubwa walikuwa wamenipa kazi ya wakubwa.

Alhamisi nilirudi bila kadi. Nilimwambia duka limefungwa. Fabrice akachukua koti lake. "Bon, mi naenda mwenyewe, kuko duka ingine ku Midi." Alikuwa tayari amevaa kiatu kimoja. Maman Odile aligeukia jiko akaanza kukoroga sombe ambayo haikuhitaji kukorogwa, na nilijua nisiposema neno, kijana huyu atapiga simu na ataipokea mtu anayelia. Nikasema, "Usiende. Maman Jeanne alipiga asubuhi, ulikuwa kazini. Mimi njo nilipokea." Alisimama na kiatu kimoja mguuni. "Alisema nini?" Hapo ningeweza kusema amesalimia tu. Ningeweza kusema laini ilikuwa mbaya. Lakini alinitazama kwa uso ule wa mtoto anayengoja apewe kitu, na mimi nilitaka kumpa. Nikasema, "Anakusalimia. Anasema dimanche ufunge mulango. Usiache batu baingie." Fabrice akacheka, akavua kiatu, akarudi mezani. "Yule maman," alisema, "anajua hata ni dimanche!" Akala sahani mbili. Nilikwenda bafuni nikafungua maji na kukaa kwenye ukingo wa beseni, nikajiambia kwamba ni siku tatu tu.

Jumamosi, saa walipokuwa wakimzika, Fabrice alikuwa sakafuni chini ya nusu yake ya ua, akipaka mafuta mikanda ya pedi zake na kuimba. Maman Odile alitoka kwenda kulia kwa jirani. Jumapili nilitumwa niende naye uwanjani na nimrudishe moja kwa moja, asipitie kwa rafiki. Nilikaa kwenye benchi ya baridi na supu ya nyanya katika kikombe cha plastiki, mbali kidogo na wale Wajerumani wawili waliovaa makoti marefu na kuandika bila kusemezana. Sijawahi kujua sana mchezo ule. Kile kidude cheusi wanachokiita palet huwa siwezi kukiona mpaka watu wameshapiga kelele. Lakini siku ile hata mimi niliona. Aligonga nguzo ya goli ya kushoto, akagonga ya kulia, akainama, na kuanzia hapo hakuna kitu kilichopita kwa zaidi ya saa nzima. Walimjia wawili, walimjia watatu. Aliteleza kutoka upande huu hadi ule kabla ya yule mpigaji mwenyewe kuamua. Mara moja alilala kifudifudi, ile palet iko chini ya tumbo lake, na wachezaji watano juu yake wakimchokoa kwa fimbo, na alipoinuka aliinua kofia yake yenye wavu wa chuma, akanitafuta kwenye viti, akanikonyeza. Mzungu mmoja mzee pembeni yangu aliniuliza kama mimi ni dada yake. Nilisema ndiyo. "Lazima unajivunia," akasema. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, na machozi yalipotoka nikasema ni baridi.

Walishinda kwa bao moja. Wale Wajerumani walimshika mkono ukumbini na kumpa bahasha. Ndani ya tramu begi lake kubwa lilizuia njia, watu wakaliruka wakinung'unika, na yeye aliomba radhi akicheka, anamwomba radhi kila mtu, hata aliyekuwa hajamgusa. "Yaya Béa, unajua ni nini ilinisaidia?" aliniambia. "Ile neno ya maman. Kila mara banakuja, mi namusikia: funga mulango. Nikifika tu, minamupigia. Hata kama ni saa gani kule, ataamuka." Nilitazama nje. Nilijua vituo vilivyobaki ni sita, kisha vitano. Maisha yangu yote nimejiuliza kwa nini sikusema pale, ndani ya tramu, mimi na yeye. Jibu ni kwamba niliogopa. Niliwaachia wakubwa.

Alipanda ngazi mbele yangu, begi mgongoni, akiruka mbili mbili. Mlango ulikuwa wazi. Alisimama kizingitini, na mimi nyuma yake niliona alichokiona: makochi yamesukumwa ukutani, mikeka, akina mama chini na vilemba vyao, Papa Kitenge ameshasimama. Mtu wa kwetu akikuta chumba chake hivyo hahitaji kuambiwa. Begi liliteleza begani likaanguka. Akina mama walianza kulia na Papa Kitenge akanyoosha mikono, "Mwana, kuja, kaa kwanza," lakini Fabrice hakusogea. Aliuliza swali moja, tangu lini. "Depuis quand?" Papa Kitenge akasema kaa kwanza. "Depuis quand?" Maman Odile akajibu, "Mardi. Jana njo balimuzika." Nilimwona anahesabu. Alihesabu kwa vidole, kama mtoto, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kwenye Alhamisi kidole kilisimama. Akanigeukia. "Na ile ya 'funga mulango', nani alisema?" Chumba kizima kilikuwa kinalia na mimi sikusikia kitu chochote isipokuwa yeye. Nikasema, "Ni miye." Fabrice akaingia upande wake, akafunga ule mlango mwembamba wa mbao, na watu wote tuliokusanyika tuwe ukuta wake tukabaki upande huu, na chakula kikapoa.

Alikwenda Ujerumani mwezi wa nane. Alikuwa kipa wa kulipwa kwa miaka kumi na zaidi, kule na baadaye Ufaransa, na waliojua walisema alikuwa mzuri sana, baridi, hacheki. Miaka ya mwisho alikuwa kipa wa akiba, yule anayekaa benchi na kazi yake ni kuwafungulia wenzake kilango cha kuingilia barafuni. Nyonga zikaisha, zote mbili zikabadilishwa za chuma, na akarudi Brussels na binti mdogo, Naomi, ambaye mama yake alibaki Ufaransa na maisha yake. Alipata kazi ya kunoa viatu vya kuteleza na kufundisha watoto. Hakunichukia; ingekuwa afadhali. Alikuja kwangu sikukuu, alimleta Naomi nimsuke nywele, aliponiona nimechoka alinibebea mifuko mpaka juu. Lakini hakuniita yaya tena. Niliitwa Béatrice, jina zima, kama wanavyoniita ofisini kwa manispaa, na kila aliponiita hivyo nilikumbuka.

Mara moja tu tuliongea. Ilikuwa Flagey, siku ya soko, tumekaa nje na kahawa zetu, Naomi anafukuza njiwa. Nilimwomba msamaha, kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote ile, nikamwambia tulitaka kumsaidia. "Mulinisaidia," alisema. "Ile contrat ilikuwa ya kweli. Nimelisha mutoto nayo." Akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Lakini sikia, Béatrice. Ile mechi, mi sikumbuke hata palet moja. Nakumbuka tu nilikuwa na furaha. Siku tano. Nilikula, niliimba, nilicheka mu tram. Mama yangu banamuweka mu udongo, na miye nacheka. Ile furaha, niipeleke wapi?" Naomi alirudi akakaa mapajani pake, akalalamika kwamba njiwa wa Brussels hawaogopi mtu, na yeye akatabasamu kwake, kwake tu.

Hayo yote yalinipitia nikiwa na kitunguu mkononi, Jumatano ile, Evere. Nilifuta mikono nikaingia sebuleni. "Papa," nilisema, "Naomi, mi namupigia sasa." Watu waligeuka. Papa Kitenge aliinua kichwa. "Béa, mutoto eko peke yake kule. Akianguka, nani atamushika?" Nikasema, "Nitabaki naye ku téléphone mpaka mutu afike." "Téléphone haina mikono," alisema, na alikuwa sahihi; mpaka leo nasema alikuwa sahihi. Nilimwambia tu, "Papa, unakumbuka Fabrice, ile dimanche?" Aliinamisha uso juu ya fimbo yake, na hakuna aliyenizuia.

Nilikaa kwenye ngazi, nje ya mlango. Kule kwake ilikuwa alfajiri, lakini alipokea upesi. Alikuwa ameamka kusoma. "Tantine Béa! Donc umenikumbuka leo? Papa eko wapi, namupigia tangu jana, hajibu." Alikuwa anatafuna kitu, mkate labda. Alikuwa na furaha. Niliisikia, na nilijua ni mimi nitakayemnyang'anya. "Naomi," nilisema, "kaa chini, mwanangu. Kuko mutu karibu? Mwite." Akaacha kutafuna. Nilisikia kiti, nilisikia akigonga ukuta na kumwita mwenzake wa chumba cha pili, jina la msichana nisiyemjua, na nilingoja mpaka niliposikia sauti ya pili. Nikamwambia. Nyuma yangu fimbo ya Papa Kitenge iligonga sakafu ikasogea, na mzee akajishusha polepole kwenye ngazi, pembeni yangu, akakaa.

"Depuis quand?" Naomi akauliza.

"Leo," nilisema. "Leo asubuhi, mwanangu. Hata chai hatujawapa watu bado."